Mnara Mmoja wa San Agustin

Watu wengi wanaofika Manila, mji mkuu wa Ufilipino, huliita kanisa la San Agustin kathedrali, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ni kanisa kongwe, lina dari linalomfanya mtu asahau kufunga mdomo, na limo ndani ya Intramuros, mji wa kale ambao Wahispania waliuzungushia ukuta. Lakini kathedrali ya Manila ni jengo jingine. Iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, inatazama uwanja wa Plaza de Roma, na ndiko kiliko kiti cha askofu mkuu. San Agustin ni kanisa la watawa wa Mtakatifu Augustino, ambao wanalihudumia hadi leo. Kwa cheo ni dogo.

Tukija kwenye umri mambo yanageuka. Kathedrali unayoiona leo ilijengwa upya miaka ya 1950 na kubarikiwa mwaka 1958, baada ya zilizotangulia mahali palepale kuungua, kutikiswa au kulipuliwa. San Agustin ilikamilika mwaka 1607, na jengo ni lilelile. Vyeo vya makanisa ni mambo ya waraka. Kanisa linaweza kulala parokia likaamka kathedrali bila kuongezwa tofali, askofu akishawekewa kiti. Umri hauna waraka wa kuuleta. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu mwenye asubuhi moja tu Manila aende wapi, namwambia aanze kwa huyu mzee asiye na cheo, kisha kathedrali kama miguu bado inamruhusu.

Mimi ni mtu wa mpunga. Nimekulia Ifakara, kazi yangu ni mbegu, na kilichonipeleka Ufilipino ni mafunzo kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, kusini mwa Manila. Siku za mapumziko tulikuwa tukipanda basi kwenda mjini. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo wa pale maabara. Wafilipino wenzake walimwita Ate, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, na sisi wageni tukamwita hivyohivyo. Yeye ndiye aliyenipeleka San Agustin, na yeye ndiye niliyebishana naye humo ndani, kwa heshima, karibu kila tulipoingia.

Nje, niseme ukweli, panakatisha tamaa. Ukishasikia kwamba kanisa ni la baroko, mtindo wa ujenzi wenye mapambo mengi, unategemea malaika wanaoruka, mawe yanayojikunja, dhahabu. Unachokuta ni uso mpana uliotulia, wenye nguzo zilizosimama mbilimbili kwa ngazi mbili, na pembetatu ya jiwe juu yake. Na kuna kitu kimoja tu cha kuinua macho, mnara wa kengele upande wa kulia. Upande wa kushoto hakuna kitu. Jengo linaonekana kama mtu aliyeinua mkono mmoja darasani. Uani wamelala simba wa mawe wa sura ya Kichina, wale wa macho ya kutokeza na manyoya ya kujisokota. Inaelezwa walitolewa na Wachina waliobatizwa. Kwa Mkristo wa Morogoro, kuingia Misa kwa kupita mbele ya simba wa Kichina ni jambo la kuzoea polepole.

Jiwe lenyewe ni la volkano, laini kiasi cha kukatika kwa zana za mkono, kisha hukomaa likishapigwa na hewa. Lilichimbwa nje ya jiji, sehemu kama Meycauayan na Binangonan. Na halikuwa chaguo la kwanza. Waaugustino walifika visiwani mwaka 1565 pamoja na msafara wa Miguel López de Legazpi, wakiwa shirika la kwanza la watawa huko, na Manila ilipofanywa makao makuu mwaka 1571 walijenga kama wenyeji wao walivyojenga, kwa mianzi na makuti ya mnipa. Kanisa hilo liliungua mwaka 1574 mji uliposhambuliwa na Limahong, haramia wa Kichina. Wakajenga la pili kwa mbao. Mwaka 1583 alikufa gavana, Gonzalo Ronquillo de Peñalosa, na wakati wa mazishi yake mshumaa mmoja ukashika kitambaa cha jukwaa la jeneza. Kanisa likateketea, na moto ukaruka kwenye nyumba za jirani hadi sehemu kubwa ya Manila ikawa majivu. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena kuhusu mbao. Kazi ya mawe ilianza mwaka 1587 kwa michoro ya Juan Macías na ikachukua miaka 20.

Majina ya waliobeba mawe hayakuandikwa popote ukutani. Chini ya utaratibu wa Wahispania, mwanaume wa Kifilipino kati ya miaka 16 na 60 alidaiwa siku 40 za kazi ya lazima kila mwaka, na kazi hizo ndizo zilizojenga barabara, merikebu na makanisa. Mtu aliyekulia Kilombero akisikia habari za wazee waliolazimishwa kazi na Mjerumani, hadi Maji Maji ikawaka, hahitaji kuelezwa zaidi. Ufundi wa kuchonga ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wachina waliokuwa wakiishi nje ya ukuta. Tunasema "Wahispania walijenga San Agustin" kama tunavyosema mwenye shamba alivuna.

Sasa ingia ndani.

Kitu cha kwanza ni dari. Ni pipa moja refu la mawe lililopinda kutoka ukuta hadi ukuta, kwa urefu wa karibu mita 67, na kote limejaa nakshi. Kuna vijisanduku vya pembe nne vilivyozama, ndani ya kila kijisanduku kuna ua, pembeni kuna mistari ya majani, mashada, vishada, na mbele kabisa kuna kuba yenye ngazi juu ya ngazi. Mwanga wa asubuhi ukiingia kwa pembeni, kila ua linatoa kivuli chake.

Vivuli hivyo ni rangi. Hakuna kijisanduku, hakuna ua, hakuna jani lililochongwa. Uso wa dari ni laini mtupu. Mwaka 1875 Waitaliano wawili, Cesare Alberoni na Giovanni Dibella, waliozoea kuchora mandhari za jukwaani, walipanda juu na kupaka dari lote kwa namna ya kulidanganya jicho. Niliposimama chini nikijua siri hiyo, jicho langu bado lilikataa kuniamini. Nilimwomba Ate tusogee hadi chini ya ukuta wa pembeni ambapo mchoro unashuka karibu, na hapo ndipo unaanza kuona mkono wa binadamu, mstari wa kahawia uliokolezwa upande mmoja na kupaushwa upande wa pili, basi.

Kuna watu wanaoliona hilo kama udanganyifu wa bei rahisi, uigaji wa makanisa ya Roma kwa mfuko mdogo. Mimi naona ni akili. Mwaka 1875 ulikuwa miaka 12 tu baada ya tetemeko lililoiangusha Manila, na kila mtu aliyeingia kanisani kusali alikuwa bado anakumbuka ni nini kilichowaangukia waliokuwa wakisali kwingine. Nakshi ya jiwe ina uzito. Nakshi ya rangi haina. Unaweza kuiweka kwa wingi utakao juu ya vichwa vya watu.

Si kwamba kila kitu humo ni rangi. Juu ya mlango, kwenye roshani ya kwaya, kuna viti vya watawa vya karne ya 17 vilivyochongwa kwa molave, mti mgumu wa kule ambao mchwa wanauheshimu, na migongoni vimepachikwa vipande vya pembe za ndovu. Kuna ogani ya mabomba. Kuna taa 16 za kuning'inia zilizoletwa kutoka Paris, ambazo kwa ladha yangu ni nyingi mno na zinakatiza dari. Na kuna mimbari, yenye nanasi kati ya nakshi zake. Nanasi! Lililetwa na Wahispania kutoka Amerika, likaota vizuri Ufilipino, na mchongaji akaliona linafaa kukaa mahali pa kuhubiria Neno la Mungu.

Tabia hiyo ya kuingiza shamba kanisani ndiyo inayofanya baroko ya Ufilipino isiwe nakala ya Uhispania. Mwaka 1993 UNESCO iliandika makanisa manne kwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia, San Agustin ya Manila pamoja na ya Paoay, Santa María na Miagao. Miagao, kisiwani Panay, kwenye uso wa mbele kuna Mtakatifu Kristofa anamvusha Mtoto Yesu huku ameshikilia mnazi, na pembeni mipapai. Mpwani yeyote kutoka Tanga hadi Lamu angemtambua mnazi huyo bila kuuliza. Paoay, kaskazini, lina maegemeo makubwa 24 ya mawe, yaani kuta nene za kuushikilia ukuta mkuu usianguke, yaliyojipanga ubavuni, na kuta zake zina matumbawe, jiwe lilelile la misikiti na nyumba za Kilwa na Gede. San Agustin ndilo la mjini kati ya hayo manne, na kwa nje ndilo la kawaida kuliko yote.

Hapo kwenye ukawaida ndipo nilipobishana na Ate.

Yeye husema San Agustin ilisimama kwa muujiza, na anao ushahidi wake. Manila ilitikiswa vibaya mwaka 1645. Ikatikiswa tena tarehe 3 Juni 1863, na safari hii makanisa ya mawe yakaanguka, kathedrali ikaanguka, ikulu ya gavana ikaanguka, na San Agustin ikabaki. Mwaka 1880 ardhi ikatikisika kwa siku kadhaa, mnara wa kathedrali ukashuka, na San Agustin ikapata ufa kwenye mnara wa kushoto. Huo ndio mnara usiokuwepo. Uliondolewa, na hawakuurudisha.

Mimi nilimwonyesha kuta. Tembea kutoka mlangoni kwenda altareni utaona vikanisa vidogo kulia na kushoto, kila kimoja na altare yake na mtakatifu wake. Kati ya kikanisa na kikanisa kuna ukuta mnene uliosimama kwa mkato dhidi ya ukuta mkuu. Kuta hizo ndizo maegemeo ya jengo. Paoay wameyaweka nje, kila mtu anayaona na kuyapiga picha. San Agustin wameyaficha ndani na kuyageuza mahali pa kusalia. Ardhi ikisukuma kwa pembeni, ukuta mrefu una wa kumwegemea kila baada ya hatua chache. Ongeza hapo kwamba jengo si refu kwenda juu, na kwamba sehemu iliyokuwa juu kupita kiasi, mnara, ndiyo iliyopasuka, na wakakubali kuipoteza badala ya kuilazimisha.

"Wewe umesomea mpunga," Ate aliniambia. "Haya mawe umesomea wapi?"

Sikuyasomea. Lakini nilikuwa na rafiki aliyesoma Ihungo, Bukoba, na tarehe 10 Septemba 2016 tuliona sote picha za shule ile baada ya tetemeko, majengo imara ya kimisionari yaliyolea vizazi, yamepasuka kiasi kwamba ilibidi shule ijengwe upya. Tangu siku hiyo siwezi kuingia jengo la zamani bila kutazama kuta zake zinaegemea wapi.

Kuna jambo la mwaka 1863 ambalo watu wanaosimulia muujiza wa San Agustin huliacha, nami naona bila hilo habari haijakamilika. Tetemeko lilikuja jioni, mkesha wa sikukuu ya Mwili wa Kristo, na ndani ya kathedrali mapadre walikuwa kwenye masifu. Kati ya waliofunikwa na kifusi alikuwemo Pedro Peláez, padre aliyezaliwa Ufilipino, msomi, aliyekuwa akipigania parokia ziachwe mikononi mwa mapadre wa jimbo, waliokuwa kwa wingi wazaliwa wa visiwani, badala ya kuhodhiwa na watawa kutoka Uhispania. Watawa hao ni pamoja na Waaugustino, wenye kanisa lililosimama. Mwanafunzi wake, padre José Burgos, aliendeleza hoja hiyo, na mwaka 1872 Burgos pamoja na mapadre wenzake wawili, Mariano Gómez na Jacinto Zamora, waliuawa hadharani na serikali ya Kihispania kwa kusingiziwa uasi. Wafilipino huwataja watatu hao kwa jina moja, Gomburza, na wengi huhesabu uzalendo wao kuanzia hapo. Kwa hiyo nikisikia kwamba Mungu alilichagua kanisa la watawa na kuliacha la mapadre, naomba tuzungumze habari za maegemeo.

Ate alinyamaza kidogo, kisha akasema Padre Peláez naye sasa anaombewa atangazwe mtakatifu, kwa hiyo ningoje kidogo kabla sijajua nani alichaguliwa. Nilimpa hilo.

Kanisa likishabaki peke yake, kila kitu kinaletwa humo. Legazpi amezikwa humo, yule mwanzilishi wa Manila ya Kihispania, kwenye kikanisa karibu na altare, akiwa ametengenezewa sanamu yake ya kulala. Na humohumo yamo mabaki ya Juan Luna, mchoraji Mfilipino aliyeshinda nishani Ulaya na kufungwa jela na Wahispania, akafia Hong Kong mwaka 1899. Mkoloni na mtawaliwa wamelala chini ya dari moja, la rangi. Waingereza walipoiteka Manila mwaka 1762 waliliacha limeporwa. Mwezi Agosti 1898 ilikuwa zamu ya Marekani, na tukio hilo ni la kuchekesha kama si la kuudhi. Wahispania na Wamarekani walikubaliana wapigane vita vya kuigiza, risasi chache kwa ajili ya heshima, ili jiji likabidhiwe kwa Wamarekani, lisiangukie mikononi mwa Wafilipino waliokuwa wamelizingira. Vita vikaigizwa tarehe 13, na masharti ya kusalimu amri yakakamilishwa ndani ya San Agustin. Wafilipino wenyewe walizuiwa nje ya ukuta wa mji wao. Desemba mwaka huohuo, huko Paris, Uhispania ikaachia visiwa vyote kwa dola milioni 20.

Kisha 1945. Hapa hata mimi sibishani na mtu.

Februari mwaka ule Wamarekani walirudi Manila na kuwakuta Wajapani wameamua kufia mjini. Mapigano yalichukua mwezi mzima, nyumba kwa nyumba. Wakazi wa Intramuros walikusanywa na wanajeshi wa Japani na kufungiwa ndani ya makanisa, San Agustin likiwa mojawapo, familia nzima kwa wingi, kwenye vikanisa vilevile nilivyoeleza, bila chakula cha kutosha wala maji. Wanaume walitolewa kwa makundi, na wengi wao waliuawa, watawa wa Kiaugustino wakiwemo. Wakati huo mizinga ya Marekani ilikuwa ikibomoa ukuta na kila kilichokuwa ndani ya ukuta. Tarehe 23, Wamarekani walipovunja na kuingia, maelfu ya mateka waliachiwa, wengi wao wanawake, watoto na watawa, wakatoka wakipita kati ya kifusi. Manila nzima ilipoteza raia wapatao 100,000 katika mwezi huo.

Intramuros ilikuwa na makanisa makubwa saba. Lililobaki limesimama ni moja. Paa lake liliharibika, monasteri yake iliyoungana nalo ikabomolewa, lakini pipa la mawe lilishika. Sitaki kusema kwa nini. Maegemeo yanaeleza tetemeko, hayaelezi mizinga. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye kiwanja kidogo cha Santa Isabel, kuna mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1995, sanamu ya mama aliyepakata mtoto mfu, amezungukwa na watu wengine waliokwisha kufa au wanaokufa. Ni ukumbusho wa wasio na makaburi. Nendeni mkaone, hata kama ratiba ya mwongozaji wa watalii haina nafasi.

Monasteri ilijengwa upya na sasa ni makumbusho. Kiingilio hulipwa hapo, na kupitia hapo ndipo unapanda hadi kwenye roshani ya kwaya, mahali pazuri kuliko pote pa kulitazama dari. Usikubali kutoka bila kupanda. Katikati kuna ua wenye bustani inayoitwa kwa jina la padre Manuel Blanco, Mwaugustino aliyetumia maisha yake kuorodhesha mimea ya visiwa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1837. Nilikaa humo kuliko nilivyokaa kwenye kabati za vikombe vya fedha. Mtawa anayejua jina la kila jani ni mtu wa kazi yangu.

Ni kwenye korido za monasteri hiyo nilipokumbuka Mombasa. Waaugustino hawakuwa wa Manila peke yake. Wakati Wahispania wakipandisha mawe ya San Agustin, upande wa pili wa bahari Wareno walikuwa wakijenga Fort Jesus, iliyoanza mwaka 1593, na wakati huo taji la Ureno na la Uhispania lilikuwa kichwani mwa mfalme mmoja. Watawa waliokabidhiwa Mombasa walikuwa Waaugustino, wa tawi la Kireno lililokuwa na makao Goa. Ndio waliomlea mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliyepelekwa Goa akiwa mdogo baada ya baba yake kuuawa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala kama Mkristo mtiifu. Mwaka 1631, akiwa amechoshwa na dharau za kapteni wa Kireno, aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wa Mombasa waliokataa kumfuata wakauawa, watawa wakiwemo. Waaugustino huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Kwa hiyo shirika lilelile, karne ileile, lilijenga kwenye kingo mbili za bahari. Upande mmoja liliacha kanisa linalojaa kila Jumapili. Upande mwingine ngome ilibaki ikapita kwa Waomani na Waingereza, na monasteri ya watawa haina ukuta hata mmoja uliosimama ambao mtu angekuonyesha. Mtu wa pwani atasema ni kwa sababu Mombasa ilikuwa na dini yake na misikiti yake karne nyingi kabla ya Mreno, na atakuwa amesema kweli. Lakini Manila nayo ilikuwa na mtawala Mwislamu, Rajah Sulayman, mwenye ngome ya magogo pale mdomoni mwa mto Pasig, palepale Wahispania walipoweka ngome yao mwaka 1571. Tofauti ni kwamba pale Uislamu ulikuwa bado mgeni, na Mhispania alikuja akakaa, akawaingia hadi vijijini. Mreno wa Mombasa hakuvuka sana kivuli cha ngome yake.

San Agustin si makumbusho matupu, na hilo ndilo linalonifurahisha. Jumamosi ni siku ya harusi. Nimeona bibi harusi wa saa tatu anatoka wakati wa saa tano anasubiri kwenye gari, na mpiga picha wa huyu anamkanyaga mpiga picha wa yule. Wafilipino wenye uwezo hupenda kufungia ndoa humo, na wasio na uwezo huja kusimama mlangoni kuangalia magauni. Maharusi hutembea juu ya mawe ya makaburi bila kutazama chini, jambo ambalo bibi yangu angelipiga marufuku. Ate ana mpwa aliyefungia ndoa humo. Alinieleza kila kitu kuhusu maua na hakunieleza chochote kuhusu dari, nami nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kanisa lililo hai.

Mara ya mwisho tulipokwenda, nilimwomba tutembee kidogo tuone San Ignacio. Lilikuwa kanisa la Wajesuiti, lililochorwa na Félix Roxas, msanifu Mfilipino, na kukamilika mwaka 1889. Sifa yake kubwa ilikuwa dari. Isabelo Tampinco na mafundi wake walilichonga lote kwa mbao ngumu za nchini, vijisanduku, maua, majani, kila kitu kwa kina chake halisi, kwa mikono ya Kifilipino. Yaani kile ambacho Waitaliano walikiigiza kwa rangi jirani pale, hawa walikifanya kweli. Februari 1945 liliungua lote. Kuta zilizobaki zilitumika kwa mambo mengi, na miaka ya karibuni zimekarabatiwa zikawa Museo de Intramuros. Dari la Tampinco linaonekana kwenye picha za zamani zisizo na rangi.

Nilimwambia Ate kwamba hapo ndipo penye uchungu wangu wote. Dari la uongo lipo na la kweli halipo. Alitazama picha, akatazama saa, akasema kama ningekuwa Mjesuiti angeniombea, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa mpunga ni afadhali twende tukale, maana wali wa pale Binondo hauchelewi kwisha.